Mtaalamu Apima Mafuriko

Siku Mtaalamu alipoingia katika fani ya mafuriko, alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja tu.

Tusimwonee. Jina hilo hakujipa mwenyewe, alipewa na watu, na watu walikuwa na sababu zao. Mwaka mmoja alikuwa mtaalamu wa meno, mpaka mteja mmoja akamrudia na ndugu zake wanne. Akahamia safari za ng'ambo, akawasafirisha watu wengi hadi kwenye geti la uwanja wa ndege, na safari zao zikaishia hapo. Amekuwa mtaalamu wa nyuki, wa kuta za nyumba na, kwa wiki mbili hivi, wa ndoa. Wanasema elimu ni bahari. Yeye alikuwa ameivuka mara kadhaa bila kulowa hata kisigino.

Basi asubuhi hiyo yuko kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni, akaingia mama mmoja wa makamo na futi ya kitambaa imening'inia kifuani kama mkufu. Watu walimwita Bi Mapazia, kwa kuwa alishona mapazia na hakushona kingine. Alikuja kupima dirisha la kinyozi. Akapima, akapima tena, kisha akainama sikioni kwa kinyozi akamnong'oneza kwa ule mnong'ono ambao hata aliyelala ng'ambo ya barabara angeamka kuusikiliza.

"Usimwambie mtu, tafadhali. Lami inakuja."

"Lami ipi tena?"

"Kando ya kijito chetu, kutoka darajani mpaka sokoni. Binti wa dada yangu anafagia ofisi ya ramani, ameuona mstari kwa macho yake. Mwekundu, mnene, umepita mbele ya mlango wangu kabisa! Kile kibanda changu mwakani ni duka."

"Alaa! Na majirani wanajua?"

"Wajulie wapi? Mimi nimelimeza, nimefunga mdomo."

Kinyozi alipogeuka na wembe wake, kiti kilikuwa kitupu.

"Bosi! Bado upande wa kushoto!"

"Wa kushoto kesho!" Mtaalamu alijibu, tayari yuko barabarani.

Alishuka hadi kijitoni. Tuseme ukweli, kijito chenyewe wakati wa kiangazi kilikuwa aibu. Mtu mwenye miguu mirefu angekivuka bila kukatisha mazungumzo. Kilitoka huko juu, kikapita nyuma ya gereji, kikabanwa na kuta za watu walioona ni ubadhirifu kukiachia maji nafasi yote ile, kisha kikaingia kwenye kalavati, yaani lile bomba la zege linalokipitisha chini ya barabara. Nyumba ya Bi Mapazia ilikuwa hatua ishirini tu kabla ya kalavati hilo.

Siku hiyo kulikuwa na wageni. Vijana watatu wenye mabuti ya mpira, wakiongozwa na dada mmoja mwembamba, walikuwa wanapima. Walipima upana wa kalavati, wakahesabu chupa za plastiki zilizoliziba mdomo, wakagonga mlango hadi mlango wakiuliza swali lile lile: "Mvua kubwa ikinyesha, maji yanafika wapi?"

Mtaalamu alisimama saa nzima akisikiliza, na kilichomshangaza ni jinsi walivyopokewa. Watu ambao hata askari hawamfungulii, hawa waliwafungulia. Wakawatolea viti. Mzee mmoja aliwaonyesha hadi chumba cha kulala. Na siri ilikuwa nini? Fimbo! Dada yule alibeba fimbo ndefu yenye mistari miekundu na myeupe na namba ubavuni. Mtaalamu akagundua jambo ambalo vyuo vikuu havijaligundua: mtu akibeba fimbo tupu, ni mchunga mbuzi, akiipaka rangi, ni serikali.

Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Nyumbani, ikumbukwe, hakukuwa kwake. Ilikuwa nyumba ya marehemu baba mkwe, aliyowaachia watoto wake wawili, yaani mke wa Mtaalamu na kaka yake. Ilikaa juu kilimani: vyumba vitatu, kavu, imara, haina maajabu. Chumba cha mbele mke alikifanya saluni. Chumba cha nyuma kaka mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Shemeji, alikifanya mahali pa kulala, kazi aliyoifanya kwa bidii.

"Tubadilishane nyumba na nani?" mke aliuliza, kitana kimegandia hewani.

"Na yule mama wa mapazia."

"Nyumba ya baba yangu?"

"Nyumba ya baba yako iko wapi? Juu. Lami inapita wapi? Chini. Sasa tumsubiri nani aje aihamishe?"

"Na yeye ana wazimu gani, atoke kwenye lami aje kwenye vumbi?"

"Hana wazimu. Atakuwa na hofu. Mtu akishaogopa maji, mke wangu, kilima chochote ni pepo."

Mke alishusha kitana, akatazama ukuta. Msomaji mwema angependa kusikia kwamba alikuwa anapambana na dhamiri yake. Hapana. Alikuwa anapanga vioo. Alikwisha kuiona saluni yake kandokando ya lami, mlango wa kioo, wateja wanashuka kwenye magari yenye kiyoyozi.

"Viti vitakuwa vya kuzunguka," alisema hatimaye.

"Vya kuzunguka na kuinuka," Mtaalamu akaongeza.

Shemeji alikabidhiwa fimbo. Ilikuwa ubao wa dari uliobaki, akaupaka rangi nyekundu na nyeupe, akauandika namba kwa mkono wake mwenyewe. Mafundi wawili wa barabara waliwaazima fulana zinazong'aa na kofia za plastiki. Ndevu zilizobaki zilinyolewa nyumbani. Keshokutwa yake, saa nne asubuhi, wataalamu wawili wakabisha hodi.

Mle ndani mlikuwa mapazia tu. Si madirishani peke yake, hata kuta. Mazito, mekundu ya damu ya mzee, yameshuka kutoka darini mpaka sakafuni pande zote nne, kana kwamba sebule inasubiri tamthilia ianze.

"Ni maonyesho ya biashara, mwanangu," Bi Mapazia alieleza. "Mteja akiingia, achague."

"Vizuri sana, mama. Sisi tumetumwa na Kitengo." Mtaalamu hakusema kitengo cha nini, na uzoefu ulimfunza kwamba hakuna anayeuliza. "Tunakagua hatari ya mafuriko. Maji yamewahi kuingia humu?"

"Maji?" Mama alicheka mpaka futi ikaruka kifuani. "Humu? Mwanangu, hata ya kunywa nayachota mbali!"

"Hapo ndipo penye tatizo," Mtaalamu alisema kwa huzuni. "Nyumba ambayo haijawahi kuingia maji ndiyo iliyo kwenye foleni. Shika fimbo, kijana."

Shemeji akaisimamisha fimbo katikati ya sebule. Bi Mapazia akaisogelea, akavaa miwani.

"Tano, sita, nane... Saba iko wapi?"

Shemeji akaiangalia fimbo kama mtu aliyeletewa mtoto asiyefanana naye.

"Saba iliondolewa, mama," Mtaalamu akasema bila kupepesa jicho. "Kimataifa. Ilikuwa inawachanganya wapimaji."

"Loo! Dunia inakwenda mbio."

Kisha Mtaalamu akafungua kinywa, akamwaga kila alichokisikia kwa yule dada wa mabuti. Kwamba huko juu zamani kulikuwa na nyasi, nyasi zinakunywa maji taratibu. Leo ni mapaa na saruji, navyo havinywi hata tone, vinatema vyote. Kwamba matemo hayo yote yanakimbilia kijito kimoja ambacho wenye kuta wamekikaba koo. Kwamba kalavati limezibwa na chupa, na maji yakikosa pa kupita hayakati rufaa, yanageuka yakarudi, na nyumba ya kwanza yanayokutana nayo ni hii. Kwamba haihitaji kunyesha hapa. Inyeshe huko juu saa moja tu, hapa jua linawaka, na mafuriko yakufuate nyumbani na miwani yako ya jua.

Alisema kwa ufasaha uliomtoa Shemeji machozi. Na la kusikitisha ni kwamba kila neno lilikuwa kweli. Uongo wake ulikuwa mmoja tu: alidhani anadanganya.

Bi Mapazia alikaa kitako, akashika kichwa. "Nifanye nini, mwanangu? Mimi mjane, sina pa kwenda."

"Kitengo kitaibomoa mwezi ujao, mama. Bila fidia." Akashusha sauti. "Lakini wewe nakuona kama mama yangu mzazi. Kuna msusi mmoja, nyumba yake iko kilimani. Ana mambo yake ya ajabu, anataka kukaa karibu na maji. Anasema yanamtuliza. Nikimsemesha vizuri, anaweza kukubali mbadilishane."

"Mungu akupe umri! Na hatari hii yote anaijua?"

"Nimemweleza. Ana kichwa kigumu."

"Basi na yaandikwe," Bi Mapazia alisema, akifuta macho kwa ncha ya pazia. "Mimi naogopa dhambi. Kesho watu wasije wakasema nimempa mwenzangu bwawa nikaliita nyumba. Wewe mtaalamu uandike maji yatafika wapi, uweke na sahihi yako."

Mtaalamu alikaribia kumbusu. Katika miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumwomba sahihi kwa unyenyekevu kiasi kile.

Wakaandikiana kwa karani mwenye mhuri, nyumba kwa nyumba, hati kwa hati. Mtaalamu aliambatanisha ripoti ya kurasa mbili, yenye maneno kama "mmiminiko" na "kina tarajiwa", akahitimisha kwamba nyumba husika itaingia maji mpaka kifuani, na kwamba anayeichukua ameelezwa akaelewa. Kifuani alikiweka kwa ajili ya utamu wa sentensi. Mkewe akatia sahihi kama mtu asiyemfahamu. Shemeji naye, kwa kuwa ni mrithi, alivua kofia ya plastiki akawa mtu mwingine, akatia sahihi.

"Huyu amefanana na kijana wako wa fimbo," Bi Mapazia alisema.

"Watu warefu wote wanafanana, mama."

"Kweli. Ni mbali huko juu, hatuwaoni vizuri."

Akahama siku ile ile, amechukua cherehani, vyungu na kitanda. Mapazia aliyaacha. "Zawadi," alimwambia msusi, akamshika mikono yote miwili. "Usiyatoe, mwanangu. Yanapendezesha kuta." Kwa nusu dakika uso wake ulikuwa na kitu kama huruma, kisha akapanda gari la mizigo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wiki tano walikaa wakisubiri lami. Mke alipanga mashine zake mbili za kukaushia nywele dirishani, zitazame barabara itakapokuja. Mtaalamu aliweka kiti mlangoni, na kila lori la mchanga lililopita alilipigia saluti. Shemeji alilala. Kulikuwa na harufu kidogo ya unyevu, na upande wa chini milango ilikuwa imevimba ikawa haifungi, lakini nani anahangaikia milango ya mbao wakati ya kioo iko njiani?

Siku ya mafuriko jua lilikuwa kali. Ilikuwa saa tisa alasiri, mteja mmoja yuko kwenye kiti na dawa kichwani. Huko juu kabisa wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya mapaa ya watu wengine, na Mtaalamu alilitazama kwa moyo wa kitajiri.

"Wenzetu leo wanalo," alisema.

Kwanza zilikuja chupa. Mamia, zinagongana, kama mkutano wa hadhara unaosogea. Nyuma yake kochi la watu wawili, limekaa wima, halina mtu. Kochi lilifika kwenye kalavati, likajaribu kupita, likakwama pale pale kama kizibo kilichopimwa na fundi. Kijito kikasimama. Kikafikiri. Kisha kikageuka, kikaja moja kwa moja mlangoni kwa Mtaalamu bila hata hodi.

"Funga mlango!" mke alipiga kelele.

"Haufungi!"

Mteja alikimbia na dawa yake kichwani. Maji yalifika magotini kabla Shemeji hajaamka, na alipoamka alikuwa tayari anaelea na godoro. Walipanda juu ya meza, meza ikaelea. Walipanda kabati, kabati likainama. Na hapo ndipo mapazia yalipovimba, yakainuliwa na maji kama sketi, yakaachia fimbo zake moja baada ya nyingine. Ukuta ukaonekana.

Ukuta ulikuwa umeandikwa. Mistari ya mkaa, imenyooka, mingine juu ya mingine, na pembeni ya kila mstari namba, mwaka na neno, kwa mwandiko safi wa mtu aliyezoea kupima. Mke wa Mtaalamu, amekumbatia mashine moja ya nywele kama mtoto mchanga, aliisoma kwa sauti.

"Huu, goti. 'Nilipoteza mkeka.' Huu, kiuno. 'Nilipoteza vitambaa vyote.' Huu wa mwaka juzi, kifua. 'Nilipoteza cherehani ya kwanza.'" Akageuka. "Mtaalamu. Huyu mama amekuwa akipima mafuriko miaka kumi na moja."

"Na saba ameiweka," Shemeji alisema kutoka juu ya kabati.

Mashine ya pili ilikuwa inazama. Mtaalamu, ambaye aibu ilikuwa imemshika kuliko hofu, alishuka kuiokoa, maji yakampita kifua. Hapo ndipo alipojua kwamba mistari ile yote ilikuwa ya mafuriko ya zamani, na ya leo ilikuwa haijachorwa.

Walitolewa na majirani kupitia dirishani, kwa kamba. Hakufa mtu. Saluni ilikufa.

Asubuhi yake Mtaalamu alipanda kilimani na nguo za matope, hasira imemtangulia. Aliwakuta barazani, Bi Mapazia na kinyozi, wanakunywa chai. Kinyozi alisimama kwa adabu.

"Karibu, bosi. Nilikusubiri kwa ule upande wa kushoto."

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Niko kwa dada yangu. Tumbo moja, baba mmoja."

Mtaalamu alikaa chini bila kukaribishwa. Iko sauti ambayo hesabu hutoa inapokamilika kichwani mwa mtu, na karibu waisikie wote watatu.

"Hakuna lami," alisema.

"Labda ipo," Bi Mapazia alisema. "Mimi ni mshona mapazia, mambo ya lami nayajulia wapi?"

"Nakwenda polisi! Umenificha mafuriko!"

"Nimekuficha?" Akaingia ndani, akatoka na karatasi mbili zilizopigwa mhuri. "Soma. 'Maji yatafika kifuani, mhusika ameelezwa.' Hii si sahihi yako? Nenda polisi, mwanangu, nenda. Ila wakikuuliza ni mpimaji wa kitengo gani, uwe na jibu."

Mtaalamu alizisoma kurasa zote mbili. Ziliandikwa vizuri. Hata katika hali ile alishindwa kutoona kwamba ziliandikwa vizuri.

"Nilikukosea nini, mama?" aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile ambayo haitumii kazini.

Bi Mapazia aliweka kikombe chini. "Hunikumbuki?"

"Hapana."

"Baada ya mafuriko yale ya kifuani ulikuja na ndevu nyingi na ndoo ishirini. Ulikuwa mtaalamu wa kuta. Dawa ya kuzuia maji, ukipaka mara moja umepona maisha. Mume wangu alikuwa mgonjwa, unyevu unamkaa mapafuni. Nikauza cherehani ya pili, ile iliyobaki; hii ya sasa ni ya mkopo. Nikapaka kuta zote nne. Ilikuwa maziwa ya chokaa. Mvua ya kwanza ikaondoka nayo. Mume wangu akaondoka baada ya miezi miwili. Sisemi ulimuua, alikuwa anaumwa. Nasema tu kwamba usiku nilipokuwa namgeuza kitandani, ukuta ulikuwa unatoka jasho."

Mtaalamu alimrudishia mama zile karatasi mbili.

"Wewe nilikuona kwenye kiti cha mdogo wangu wiki nzima kabla ya siku ile," mama aliendelea. "Nikasema huyu hafuatwi. Huyu anaitwa kwa kunong'onezwa. Mkeo mwambie alete mashine iliyopona. Chumba cha mbele simtozi kitu, atasuka, tutagawana wateja. Alitia sahihi kwa tamaa, lakini nyumba ilikuwa ya baba yake, na hilo linanikosesha usingizi. Na yule mrefu aje, nina fimbo za mapazia za kutundika juu."

"Na mimi?"

"Wewe una nyumba, mwanangu. Kando ya lami."

Mke hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mchana ule alikuwa langoni na mkokoteni, anapakia mashine, mabeseni na vitana vilivyopatikana kwenye matope. Shemeji alikuwa ameshatangulia, mtu wa kwanza wa familia kupata ajira ya kudumu.

Hapo ndipo yule dada wa mabuti alipofika, daftari mkononi, fimbo yake ya kweli begani. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kukusanya habari za jana. Alimkuta Mtaalamu mlangoni, anakwangua ukuta kwa jembe, anajaribu kuondoa mstari wa matope kabla haujakauka. Alikuwa amekwisha kuona jinsi tangazo litakavyosomeka: Nyumba Inauzwa, Mandhari ya Maji.

"Pole sana, kaka. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye."

"Tunarekodi tu. Jana maji yalifika wapi?"

Mtaalamu aliegemea ukuta, akaziba mstari kwa mgongo wake, akatabasamu lile tabasamu la kazini. "Humu? Hayakufika kokote, dada yangu. Yalilowanisha kizingiti kidogo, yakaona aibu, yakarudi."

Dada alianza kuandika. Langoni, mke wa Mtaalamu alifunga kamba ya mwisho, akainua vishikio vya mkokoteni, akamtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka pale matope yalipoishia.

"Futa hiyo, mdogo wangu," alisema. "Andika shingoni."